Kopo la Mwenzake

Tangu siku ile Rói, mtoto wa Niels, aliposhuka basi mbele ya duka la kijiji chetu, Hamravík, akitokea masomoni Denmark, Heini wa Bø hakupata tena raha ya kukaa kitako. Kijana alikuwa ameondoka mwembamba kama ufito, akarudi na mabega yaliyotangulia mlangoni kabla yeye mwenyewe hajaingia. Akasalimia watu, akachukua maziwa, akauliza kwa adabu kabisa kama mwaka huu Skarvurin ina nafasi. Swali dogo tu. Heini alikuwa kwenye foleni, mkate mkononi, na mkate ule ulifika nyumbani umebonyea kama uliokaliwa.

Skarvurin ndiyo mashua yetu ya mashindano. Ni nyeusi, ndefu, na imepewa jina la mnandi, ndege anayezama na kuibuka kwenye miamba yetu mwaka mzima. Wapiga makasia ni sita. Wanakaa wawiliwawili kwenye mbao tatu, bega kwa bega, kila mtu na kasia lake upande wake, na nyuma anakaa mshika usukani akiwatazama usoni. Upande wa kulia wa ubao wa kati alikaa babu yake Heini, kisha baba yake, kisha yeye mwenyewe tangu ndevu zake hazijawa ndevu. Upande wa kushoto alikaa Tummas. Hao wawili walibarikiwa kanisani siku moja, wakaoa kiangazi kimoja, na walipanda mashua ile pamoja kila mwaka mpaka watu wakasahau kuwa ni watu wawili. Ukimtaka Tummas, uliza Heini yuko wapi.

Sasa Heini alikuwa anakaribia hamsini. Mtu wa Hamravík asiye na nafasi ndani ya Skarvurin hapungukiwi na kitu, usinielewe vibaya. Anaitwa kusaidia kuinua mashua, anapewa kahawa na keki, na akipita watu wanamsifia alivyokuwa zamani. Hicho ndicho hasa Heini alichokiogopa, kusifiwa kwa zamani. Kati ya kurudi kwa Rói na sikukuu ya Ólavsøka, mwishoni mwa Julai, mashua za visiwa vyote zinapokutana Tórshavn, mji wetu mkuu, kulikuwa na majira ya kuchipua na nusu ya kiangazi. Katika muda huo Andrias, mshika usukani wetu, angeamua nani anakaa na nani anashuka.

Basi Heini akaanza kuhangaika. Alitengeneza ua wa kondoo ambao haukuwa umevunjika. Alipaka rangi lango la nyumba, na kesho yake akalipaka tena.

"Hilo si ulilipaka jana?" mkewe Malan alimuuliza kutoka dirishani.

"Nilisahau pembeni."

"Pembeni wapi? Lango lina pembe ngapi, mume wangu?"

"Malan, niache."

"Nimekuacha. Lango ndilo linaloomba msaada."

Mezani alikuwa akigongagonga kijiko mpaka Malan akamnyang'anya. Alipokuwa amekaa, goti lilicheza peke yake. Alijitazama mikono, akaiminya misuli yake juu ya kiwiko kama mtu anayechagua embe sokoni, na kila siku aliona embe limelegea zaidi.

Kazini kwake ndiko alikopata tumaini, na tumaini nalo si kitu cha kumpa kila mtu. Heini alifanya kazi kwenye kiwanda cha samaki, upande wa matangi makubwa, ambako samaki wadogo wa bahari kuu husagwa, wakatiwa vimeng'enya, wakapashwa joto la kiasi mpaka protini yao ikakatika vipande vidogo vidogo. Vipande hivyo wataalamu wanaviita peptidi. Zamani uji ule walipewa samaki wa kufugwa. Siku hizi ulikaushwa ukawa unga mweupe wa kunywewa na watu. Ragna, mwanamke wa maabara, alisema huenda unajenga misuli na kuongeza pumzi, kwa kuwa mwili unaupokea bila kuhangaika kuumeng'enya.

Ragna alisema "huenda" kila mara. Hamravík nzima ilisikia maneno mengine yote ila hilo.

Alitaka watu wa kujaribu. Wapiga makasia walimfaa, kwa sababu wanafanya mazoezi ya aina moja na wanapenda kupimwa. Aliwakusanya kwenye banda la mashua, akawagawia makopo.

"Wengine mtapata unga wenyewe," aliwaambia. "Wengine mtapata wanga tu uliotiwa ladha. Hata mimi sijui nani kapata nini. Majibu yamefungiwa Tórshavn mpaka mwisho. Mnakunywa kikombe kimoja kila baada ya mazoezi, na tafadhali, kila mtu anywe wa kwake."

"Na ukimzidi mkeo nguvu, dawa ya kupunguza iko?" Tummas aliuliza.

"Wewe Tummas, hata nikikupa tangi zima, Sunneva atakupiga tu," Ragna alimjibu, na watu wakacheka.

Makopo yalipangwa kwenye rafu ya banda, kila moja na utepe wenye jina, na yale ya wenza wa ubao mmoja yakakaa pamoja. Jioni ile, baada ya mazoezi kwenye mashine za kupigia makasia, walikoroga, wakanywa. Heini akaonja wake. Mtamu mtamu, na harufu ya keki. Akamtazama Tummas. Tummas alikuwa amekunja uso wote, macho yamejaa machozi.

"Loo, hii ni shubiri," alisema Tummas. "Huyu mwanamke ana kisasi nami. Mpaka nitie jamu."

Moyo wa Heini ukashuka. Kwa maana yeye ni mtu wa matangi. Wote waliowahi kusimama kwenye yale matangi wanajua kuwa samaki akishakatwakatwa vile hugeuka mchungu, na kadiri anavyokatwa ndivyo uchungu unavyozidi. Uchungu ule unakuganda kwenye mdomo mpaka unafika nao nyumbani. Mtu wa mjini asingejua. Heini alijua, na kujua kwake ndiko kulikomponza. Tummas kapata unga wenyewe, aliwaza. Mimi nimepewa wanga wa keki.

Hapo ndipo mtu mwenye akili zake angesema, "Tummas, nigawie." Sisi ni watu wa kugawana. Nyangumi wakiingia ghubani, kila nyumba hupata fungu, hata nyumba ya mgonjwa ambaye hajatoka nje tangu baridi. Kondoo akichinjwa, jirani anapelekewa nyama kabla ya mwenyewe hajaonja. Tummas angecheka, angemmiminia nusu, na angeona amepunguziwa mzigo. Lakini kuomba ni kukiri kwamba unaogopa, na Heini aliona afadhali afe kuliko Tummas amwone anaogopa. Aibu ya mwanamume! Mficha uchi hazai, na yeye alikuwa anauficha hata kwa mtu aliyeoga naye baharini tangu utotoni.

Jumamosi moja ya Mei, wenzake wakiwa nje wanaisugua mashua, Heini aliingia bandani kuchukua ndoo. Mikono yake haikumwomba ruhusa. Ilibandua utepe wenye jina la Tummas, ikabandua na wake, ikazibadilisha. Kazi ya kuvuta pumzi mbili tatu. Akatoka na ndoo, akasugua mashua kwa nguvu mpaka Andrias akamwambia rangi bado inahitajika.

Mazoezi yaliyofuata, Tummas alikoroga kikombe chake, akatia kijiko cha jamu kama kawaida yake, akanywa. Akasita. Akakitazama kikombe, akanywa tena kidogo.

"Leo umekuwa mtamu," alisema.

"Labda umeuzoea," alijibu Heini, akigeukia ukuta kama anayetafuta taulo.

Tummas alilamba kijiko. "Labda," akasema, akaosha kikombe.

Heini alimeza ule uchungu bila jamu, mpaka tone la mwisho, na kwa mara ya kwanza tangu Rói ashuke basi alijisikia mtu. Sijui kama ni unga. Ninachojua ni kwamba alivuta kama aliyekabwa. Alifika bandani wa kwanza na kuondoka wa mwisho. Aliikalia ile mashine mpaka viganja vikapasuka. Kabla ya zamu alipanda mlima ulioko nyuma ya kanisa, kondoo wakimkimbia, na baada ya zamu akaupanda tena. Mikono ilikaza. Shingo ikanenepa. Namba zake kwenye mashine zikapanda mpaka Rói, ambaye hakuwa na kinyongo na mtu, akampigia makofi.

"Mjomba, unakula nini?" kijana aliuliza.

"Samaki," Heini alijibu, na kicheko chake kilitoka kikavu.

Tungetegemea atulie sasa. Wapi. Kila Tummas alipokohoa, Heini alishtuka. Tummas akimtazama, aliona anatazamwa. Tummas asipomtazama, aliona anaepukwa. Zamani waliweza kutembea kutoka bandani hadi njiapanda bila neno, na kimya kile kilikuwa chao wote wawili. Sasa Heini alijaza njia nzima maneno, habari za kondoo, za injini, za hali ya hewa, mpaka Tummas akasimama siku moja na kumuuliza, "Bwana wee, unaumwa?"

"Mimi? Mzima kama chuma."

"Chuma hakisemi hivi."

Kulikuwa na jambo ambalo Heini, kwa haraka zake, hakulipigia hesabu. Mashua ya kuketi wawiliwawili inakwenda sawa pale tu nguvu za ubao zinapolingana. Mmoja akimzidi mwenzake, pua ya mashua inageuka, na mshika usukani inambidi airudishe kwa usukani, na kila anapoirudisha mwendo unakufa. Katika mashindano ya Juni Skarvurin ilianza vizuri. Nusu ya njia ikaanza kwenda upande. Andrias akarekebisha. Ikaenda upande tena.

"Kati!" Andrias alipaza sauti. "Ubao wa kati, mnavutana na nani?"

Heini alisikia, lakini mwili ulikataa kupunguza. Kupunguza kungeonekana ni kuchoka, na Rói alikuwa amesimama gatini na darubini ya babu yake. Akavuta zaidi. Pembeni yake Tummas alikuwa akipumua kwa mluzi, bega la kushoto limeinama, kasia lake likiingia majini nyuma ya la Heini kila mara, kidogo tu, unene wa kidole. Walimaliza wa pili kutoka mwisho. Waliowafuata walikuwa wamevunjikiwa kasia.

Jumatatu Andrias aliwakusanya bandani. Mzee yule hana maneno ya kuzungusha. Alikuwa baharini muda mrefu mno.

"Mashua haijui urafiki," alisema. "Upande wa kulia wa kati una nguvu ambayo sijaiona kwa Heini tangu alipokuwa kijana. Upande wa kushoto unachelewa. Rói atakaa kushoto. Tummas, mwaka huu utatusaidia ufukweni."

Heini alitazama sakafu, na masikio yakamwaka moto. Alikuwa amepigania nafasi yake kwa kucha na meno, na hakuna hata mtu mmoja aliyeitaka. Aliyetolewa ni yule aliyekaa kando yake maisha yote.

"Sawa," alisema Tummas. Alichukua kitambaa, akalifuta kasia lake kuanzia mpini hadi ncha, akalitundika. Kisha akauliza nani na nani wanakunywa kahawa.

Baada ya hapo Heini hakulala vizuri, hakula vizuri, na hakukaa. Malan alimkuta mara tatu amesimama katikati ya jiko hajui alichofuata.

"Nenda ukamwone Tummas," alimwambia.

"Nikamwambie nini?"

"Sijui ulichofanya, kwa hiyo sijui utasema nini. Lakini kuna ulichofanya."

"Nani kakwambia?"

"Nimekaa nawe miaka mingapi, Heini? Kikulacho ki nguoni mwako. Vua basi."

Hakuvua. Alijiambia kuwa kosa si lake, ni la unga. Unga ndio uliompa nguvu kuliko kipimo, na Tummas aliponyweshwa wanga akabaki nyuma. Alijihukumu kwa hilo mchana na kwa hilo hilo akajitetea jioni. Alikwenda kwa Andrias na kuanza kusema labda Tummas arudishwe. Andrias aliacha kula.

"Kwa nini?"

"Basi tu. Tumezoeana."

"Kuzoeana si sababu. Una sababu nyingine?"

Mlango ulikuwa wazi kabisa, angeingia tu. Heini alisema hana, akaaga.

Mapema Julai Ragna alipata majibu yake kutoka Tórshavn. Aliwaita watu mmoja mmoja kwenye chumba cha kulia cha kiwanda. Zamu ya Heini ilipofika, alikaa ukingoni mwa kiti.

"Niambie tu," alisema. "Wangu ulikuwa wanga."

"Wako? Hapana. Ulikuwa unga wenyewe."

"Na wa Tummas?"

"Na yeye. Ninyi wawili mlikuwa kundi moja."

Heini alicheka kwa kutoamini. "Ragna, mimi ni mtu wa matangi. Wake ulikuwa mchungu, wangu mtamu."

Ragna alijikuna shingo. "Hilo ni kosa letu, na nimeliandika. Makopo ya kundi lenu tuliyajaza kwa mara mbili. Unga wa kwanza ulitoka mchungu, ukaisha. Wa pili tuliutoa uchungu na kuongeza ladha. Kilichomo ni kilekile."

"Kwa hiyo nguvu hizi..."

"Nguvu zako nimezipima na zimenishangaza. Lakini waliokunywa wanga nao waliongezeka. Waliokunywa unga waliongezeka zaidi kidogo, kidogo kiasi kwamba siwezi kukuapia. Tutahitaji watu wengi zaidi." Alimtazama macho yake mekundu na viganja vilivyofungwa bandeji. "Wewe umejitesa, Heini. Hilo hatulifungi kwenye makopo."

Heini alitoka pale. Mpaka dakika ile dhambi yake ilikuwa na faida ndani yake, hata kama ni faida chafu. Sasa aliibeba ikiwa kavu. Alikuwa amemwibia mwenzake kitu alichokuwa nacho yeye mwenyewe.

Siku iliyofuata alikwenda kwa Tummas. Alimkuta kwenye mteremko wa nyuma ya nyumba, anageuza majani ya kondoo yakauke, anatumia mkono wa kulia zaidi. Tummas akamwonyesha reki nyingine kwa kidevu. Walifanya kazi. Mstari wa kwanza wa majani, Heini alijiambia nitasema tukifika ukutani. Walifika ukutani. Akajiambia tukifika chini.

"Umekuja kusema kitu?" Tummas aliuliza, ameegemea reki yake.

Ukungu ulikuwa unashuka mlimani. Tummas alisubiri. Alisubiri kwa kweli, uso wake umefunguka, hana haraka yoyote; na mtu aliyeona vile angejua kwamba alikuwa anamsaidia.

"Nimekuja kukusaidia majani," alisema Heini.

Tummas alitikisa kichwa polepole. "Haya," akasema. "Tuyafunike basi, mvua hiyo."

Ólavsøka ikafika. Tórshavn ilijaa watu waliovaa nguo za sikukuu, vifungo vya fedha kifuani, watoto wameshika soseji, na kuanzia gatini hadi juu ya miamba hapakuwa na pa kutia mguu. Skarvurin ilisogea kwenye mstari wa kuanzia pamoja na nyingine. Heini aliketi kulia, na bega lililogusa lake lilikuwa geni, gumu, lenye joto la ujana. Goti lilikuwa linacheza juu ya ubao.

Bunduki ililia. Heini akalitumbukiza kasia mapema, kabla ya wengine, akalitumbukiza mapema tena. Alijua anafanya hivyo na hakuweza kujizuia. Ndipo akasikia pembeni yake Rói anatoa pumzi kwa sauti, "hhaa", ndefu, makusudi kabisa, kasia linapotoka majini. Tena, "hhaa". Mwili wa Heini ukaifuata pumzi ile kabla akili haijaelewa. Mikono ikangoja. Kasia likaanza kuingia pamoja na mengine.

Alikuwa ameisikia pumzi ile maisha yake yote. Siku zote alidhani ni namna Tummas anavyopumua.

"Nani kakufundisha hiyo?" alimuuliza katikati ya kuvuta, maneno yakimtoka vipandevipande.

"Tummas," Rói alijibu. "Kanifundisha mwezi mzima. Kasema ukiogopa unawahi. Kasema nikupumulie, usije ukajua. Vuta, mjomba."

Akavuta. Skarvurin ilikwenda moja kwa moja kama iliyochorewa mstari, Andrias hakugusa usukani hata mara moja, na walifika wa pili, nafasi ambayo Hamravík haikuwa imeiona tangu baba yake Heini. Watu wetu walipiga kelele gatini mpaka sauti zikakauka. Heini alilala juu ya kasia lake analia, na wenzake wakadhani ni furaha, wakampigapiga mgongoni.

Tummas alikuwa ameshika kamba ufukweni, maji yamemfika magotini, suruali ya sikukuu imelowa. Alimpa kila mpiga makasia mkono wa kumteremsha, akampongeza kila mmoja. Alimpa na Heini, mkono wa kulia, kama wengine.

"Umevuta vizuri," alisema.

Heini hakuuachia ule mkono. Watu walikuwa wanapita, wanacheka, wanawamwagia bia. "Nilibadilisha makopo," alisema. "Mei. Lako nililichukua mimi."

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipokunywa. Ulimi ninao, Heini."

"Mbona hukusema?"

Tummas alitazama mashua. "Nilidhani utaniambia kesho yake. Halafu nikadhani wiki ijayo. Ulipokuja kwenye majani nikasema basi, leo. Ningekupa nusu. Ningekupa lote, bwana, lile shubiri, ungeniomba tu."

"Ragna anasema yalikuwa sawa. Yote mawili. Hayakuwa na tofauti." Heini alikuwa anasema haraka, anapumua vibaya. "Mwakani nitamwambia Andrias. Nitamwambia yote, akurudishie ubao wako. Mimi nitashuka."

"Hakuna mwakani. Bega hili limeisha tangu baridi. Daktari kaliona." Tummas aliinua mkono wa kushoto; uliishia kifuani, haukupanda zaidi. "Nilikuwa nimepanga nimwambie Andrias mwenyewe baada ya leo. Nilitaka hii moja tu, nikae na wewe, halafu nipumzike. Ningeweza kuvuta hii moja, kama ungevuta kama unavyovuta siku zote."

Kwa mara ya kwanza tangu majira ya kuchipua goti la Heini lilikuwa limetulia. Nyuma yao Andrias alikuwa anaita watu waje kuipandisha Skarvurin kabla maji hayajajaa, wawiliwawili, kila mtu na wa ubao wake.

Tummas aliutoa mkono wake taratibu, akamwelekeza kwa kidevu mahali Rói alipokuwa ameshainama upande wa kushoto wa mashua, anangoja.

"Nenda," alisema. "Mwenzako anakusubiri."